Michango ya ulinzi bila stakabadhi, na kipigo juu yake

Ndugu, nimekuelewa: mtaani kwenu Dar es Salaam mnachangia ulinzi shirikishi bila stakabadhi, na walinzi hao hao wamempiga mdogo wako. Usiyachanganye mambo haya mawili.

La kipigo lifikishe kituo cha polisi leo na uombe fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo majeruhi huenda nayo hospitali (mdogo wako akiwa na hali mbaya, atibiwe kwanza), kwa kuwa mlinzi wa mtaa akimkamata mtu hupaswa kumkabidhi polisi, si kumwadhibu.

La fedha mwandikie Mtendaji wa Mtaa, ubaki na nakala yenye muhuri, ukitaka mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa wakazi. Akinyamaza, nenda kwa Mtendaji wa Kata na diwani, ambaye, kwa nilivyoona, huisikiliza zaidi barua yenye saini za majirani wengi. Usimwite yeyote mwizi kabla hujaziona hesabu. Wakikutisha, muone wakili au kituo cha msaada wa kisheria.