Regulata Siyo Mchawi

Barua za safari hii karibu zote zinalia chaji ya pikipiki za zamani, na karibu kila aliyeandika ameshanunua kitu kabla ya kuuliza. Nachukulia kwamba una mita ya kupimia volti na unajua kuisoma. Kama huna, rudisha rafuni hiyo regulata mpya (kidhibiti cha volti za chaji) uliyoishika, kanunue mita kwanza.

Pikipiki yangu ya zamani haichaji. Tatizo ni nini?

Sijui, na wewe hujui, maana hujapima. Niandikie aina, mwaka, volti za betri injini ikiwa imezimwa, na volti hizohizo injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika. Hii ni barua ya tano ya namna hii. Ya sita naitupa.

Nina Suzuki GS750 ya 1978. Kila baada ya wiki mbili betri inakata moto. Nimebadilisha betri tatu na regulata moja. Fundi mmoja anasema alteneta imekufa, mwingine anasema regulata niliyonunua ni feki. Nimsikilize yupi?

Hata mmoja, kaka. Barua yako ina kurasa mbili na haina namba ya volti popote. Betri tatu! Huko siyo kutengeneza, ni kupiga ramli, na kwenye ramli za pikipiki mchawi ni mmoja siku zote: regulata. Anasingiziwa kwa sababu amefungwa kwa boliti mbili na kumng'oa ni kazi ya dakika tano.

Itoe betri, ijaze kwa chaja, iache ilale usiku mmoja bila kuguswa, asubuhi ipime. Betri nzima ya risasi na asidi itasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa ililala imejaa ikaamka chini ya 12, hiyo ni ya kutupa. Nasisitiza hili kwa sababu ukipima chaji kwa betri iliyochoka, majibu utakayopata ni ya betri, siyo ya pikipiki. Ukiwa na betri nzima, washa, vuta mafuta mpaka mizunguko 4,000 au 5,000, na uguse ncha za betri zenyewe, siyo waya ulio karibu nazo. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, pikipiki inachaji, na kazi iliyobaki ni kutafuta kinachonyonya umeme ukiwa umelala. Ukiona 12.4 inayoshuka polepole, tuendelee.

Fungua kifuniko cha pembeni, fuata nyaya tatu zinazotoka kwenye alteneta hadi soketi yake. Ichomoe taratibu uitazame mchana, siyo kwa tochi. Mara nyingi mno utakuta soketi iliyokuwa nyeupe imekuwa kahawia upande mmoja, kama jani kavu. Plastiki imeyeyuka ikaganda tena, imeukumbatia ulimi wa shaba, na ulimi wenyewe umepoteza mng'ao, una rangi ya moshi. Ukwangue kwa kucha, unga unabaki kidoleni. Chaji yako inaishia hapo, inageuka joto. Usipulize dawa ya kusafishia ukaridhika: shaba iliyoungua haibani tena. Kata soketi yote uweke ndimi mpya zilizobanwa kwa koleo lake.

Halafu kuna balaa la Suzuki za umri huo. Waya mmoja kati ya zile tatu hauendi kwenye regulata moja kwa moja. Unapanda hadi swichi ya taa kwenye usukani, kisha unashuka tena. Mawazo yalikuwa kwamba taa zikizimwa, sehemu ya alteneta ikatwe, isizalishe kisichohitajika. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, safari hiyo ya kwenda na kurudi ina soketi za ziada na swichi iliyochoka, na theluthi ya chaji inapotea njiani. Ikatishe: nyaya zote tatu ziende kwenye regulata bila kupitia popote.

Ukishamaliza hayo ndipo uipime alteneta. Soketi ikiwa imechomolewa, mita ikiwa upande wa AC (umeme wa kwenda na kurudi), pima nyaya mbilimbili kwa mizunguko 5,000. Utapata vipimo vitatu. Vikifanana na vyote vikapita volti 60, alteneta ni nzima na unamdai radhi fundi wako wa kwanza. Kimoja kikiwa chini sana ya vingine, koili imeungua. Zima injini, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani): waya wowote kati ya hiyo mitatu ukionyesha njia hata ndogo kuelekea kwenye injini, koili imegusa chuma na hakuna la kuokoa.

Mwisho kabisa ndiyo regulata, na hata hapo anza na ardhi yake, yaani inavyoungana na chuma cha pikipiki. Injini ikinguruma, gusa kasha la regulata kwa ncha moja ya mita na hasi ya betri kwa nyingine. Ikizidi volti 0.2, kosa ni rangi na kutu chini ya boliti zile mbili. Piga msasa, ongeza waya mmoja wa ardhi hadi betri. Ile regulata ya kwanza uliyoitupa, kama bado iko kwenye pipa la vyuma chakavu, iokote.

Ni kweli naweza kuchomoa betri injini ikiwaka ili nione kama inachaji?

Unaweza, kama unavyoweza kuangalia petroli kwenye tangi kwa kiberiti. Betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiitoa, volti zinaruka na kuua dayodi (vipitisha umeme upande mmoja tu), regulata, na kila kifaa cha kisasa ulichokifunga. Aliyekufundisha asiiguse pikipiki yako tena.

Honda CB500 Four, 1973. Betri inachemka na kumwaga maji, nasoma volti 15.7 barabarani. Nimeshafunga regulata mbili mpya na hali ni ileile. Je, kuna regulata zenye nguvu zaidi?

Swali hili nalipenda, ingawa jibu lake litakuudhi. Regulata zako zote tatu ni nzima. Zinadanganywa.

Kwenye Honda hizi regulata haiitazami betri. Inautazama waya mweusi unaokuja baada ya fyuzi na swichi ya ufunguo. Ikiona volti ziko chini, inaongeza umeme kwenye koili ya sumaku ndani ya alteneta, na alteneta inazalisha zaidi. Sasa fikiria swichi yenye umri wa nusu karne, vishikio vya fyuzi vilivyoota ukungu wa kijani, soketi mbili tatu njiani. Kila kimoja kinakula kidogo. Betri ina 15.7, lakini kwenye waya mweusi zinafika 14.4 tu, na regulata inasema mambo ni mazuri. Inafanya kazi yake barabara kabisa huku betri yako ikipikwa.

Washa swichi na taa bila kuwasha injini. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya mweusi pale unapoingia kwenye regulata. Mita itakuonyesha moja kwa moja kinachopotea. Sehemu ya kumi moja au mbili ya volti ni uzee wa kawaida. Ikipita nusu volti, umempata mwizi, na unamfuata kwa kusogeza ncha ya pili kurudi nyuma: soketi, swichi, kisanduku cha fyuzi. Mahali namba inaposhuka ghafla, umeshampita. Mimi huanza na vishikio vya fyuzi, maana ukiigusa fyuzi baada ya dakika kumi za taa utaikuta ya moto, na fyuzi nzima haipaswi kuwa ya moto.

Kama swichi imechoka na hutaki kuibadilisha, funga rilei, swichi inayowashwa kwa umeme: waya mweusi wa zamani uiamshe tu, na regulata ipate umeme wake kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya peke yake. Ila usifanye ile hila ya kukunja chemchemi ya regulata ili ishushe volti. Siku utakaposafisha swichi, pikipiki itaacha kuchaji, nawe utaniandikia barua nyingine.

Na hukuuliza, lakini angalia mpira wa kupumulia wa betri unatokea wapi. Betri inayochemka inatoa asidi, na inatoa haidrojeni ambayo inalipuka kwa cheche ndogo. Nimeona mnyororo uliooza upande mmoja tu, kwa sababu mpira ulikuwa unaudondokea.

BMW R75/6 ya 1975, haichaji kabisa. Taa nyekundu ya chaji haijawahi kunisumbua, haiwaki hata kidogo. Nianze kuishusha alteneta?

Usishushe kitu. Taa hiyo kutowaka ndiyo ugonjwa wenyewe. Umeme unaoiamsha rota, ile sumaku inayozunguka ndani ya alteneta, unapitia kwenye balbu hiyo. Balbu ikiungua, rota haipati sumaku ya kuanzia. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, taa lazima iwake. Weka balbu mpya ya waya, siyo LED. LED ya kawaida haipitishi umeme wa kutosha, na wapenda urembo wengi wameua chaji kwa njia hiyo. Balbu mpya ikikataa kuwaka, angalia kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota, zinavyoigusa, kisha pima rota yenyewe: inapaswa kusoma omu chache tu. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika.

Kabla ya kufungua kifuniko cha mbele, ondoa waya hasi kwenye betri. Nyuma ya kifuniko kile kuna ncha ya dayodi ambayo haizimwi na ufunguo. Mimi niliona uvivu kuinua kiti, nikalegeza skrubu ya mwisho, kifuniko kikayumba, cheche moja, harufu, kimya. Nilikuwa nimekwenda kubadilisha kaboni. Nikarudi nyumbani nadaiwa bodi nzima ya dayodi.

Nikifunga taa za LED zote, si alteneta itapumzika?

Inategemea. Kwenye Honda yenye koili ya sumaku au hiyo BMW, ndiyo: mzigo ukipungua, rota inapewa umeme kidogo, na utafaidi hasa kwenye foleni. Alteneta ya CB750, kwa mfano, ni ya wati 210 tu, na injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta haikaribii hapo. Lakini kwenye pikipiki zenye sumaku ya kudumu na regulata inayorudisha ziada, kama ile Suzuki, koili zinafanya kazi kwa nguvu zote ukiwa na taa au huna. Unachopunguza kwenye taa, regulata inakirudisha kwenye koili. Indiketa nazo zitaacha kupepesa mpaka ubadilishe flasha.

Na betri ya lithiamu?

Siyo kwenye regulata ya zamani yenye vikontakti vya kutetemeka. Lithiamu haivumilii kupita 14.6 hivi, na regulata hiyo haina usahihi huo. Uzito utakaopunguza, punguza tumboni.

Triumph Bonneville ya 1969. Nilifunga betri mpya, hasi kwenye fremu kama kawaida, fyuzi ikalipuka. Nikaweka kubwa zaidi, waya ukatoa moshi. Sasa haichaji.

"Kama kawaida" ya nani? Pikipiki za Uingereza za wakati huo chanya ndiyo inayokwenda kwenye fremu. Ulipogeuza, dayodi ya Zener, inayozuia volti zisizidi, iliyo chini ya taa ya mbele, ile iliyokaa kwenye kipande cha alumini chenye mapezi, ikaacha kuwa mlinzi ikawa njia iliyo wazi. Rektifaya, inayogeuza AC ya alteneta iwe umeme wa betri, nayo ikafunguka. Fyuzi ilijitoa kafara kwa ajili yako, nawe ukaiadhibu kwa kuleta kubwa.

Chukulia rektifaya imekufa mpaka mita ikukatalie, na Zener vilevile. Wengi sasa huviondoa vyote viwili na kuweka kasha moja la kisasa, na siwalaumu, mradi kasha hilo liwe limetengenezwa kwa chanya ardhini. Kabla ya hapo fuata waya uliotoa moshi kutoka mwanzo hadi mwisho, ndani ya fungu la nyaya zote, kwa sababu ulipolainika huenda umeyeyusha jirani zake. Kisha andika kwa rangi kwenye kasha la betri, herufi kubwa: CHANYA KWENYE FREMU. Siku moja utaiuza, na mnunuzi naye atakuwa na kawaida yake.

BSA M20, volti 6, dainamo ya Lucas. Injini inawaka vizuri sana lakini sindano ya ampea haivuki sifuri, taa zikiwaka inaangukia upande wa hasi. Injini ikiwaka vizuri si ina maana umeme upo?

Hapana, mzee wangu. Plagi yako inalishwa na magneto, inayojizalishia umeme wake na haijui kama betri ipo. M20 inaweza kukimbia mwaka mzima bila betri.

Ondoa nyaya mbili kwenye dainamo, D na F. Unganisha ncha hizo mbili kwa kipande cha waya, weka mita kati yake na mwili wa dainamo, washa injini na uipandishe polepole. Volti zinapaswa kupanda haraka na kupita 6 bila injini kupiga kelele. Usiilazimishe zaidi ya 10. Zisipopanda, angalia kaboni na usafishe komuteta, ile pete ya shaba inayoguswa na kaboni. Kama dainamo imekaa miaka bila kazi, pengine imesahau sumaku yake: nyaya zikiwa bado zimetolewa, gusisha F mara moja kwa waya unaotoka upande wa betri usio wa ardhi, kugusa na kuachia, kisha rudia kipimo.

Ikiwa dainamo inapanda vizuri na nyaya zake hadi regulata hazijakatika, fungua kifuniko cha regulata utazame vikontakti. Vikiwa vyeusi, pitisha karatasi ngumu katikati yake, rudisha nyaya, na upime betri kwa mwendo wa kawaida: tunatafuta volti 7 au zaidi kidogo. Usipozipata baada ya yote hayo, sawa. Wewe nakuruhusu ukanunue regulata.