Kwa wanaoanza kusoma tamthilia za Wakosaki wa Don: tangulizeni farasi na shamba

Wanafunzi wanaokutana kwa mara ya kwanza na tamthilia za kivita kuhusu Wakosaki wa Mto Don, jamii ya wapiganaji wapanda farasi wa kusini mwa Urusi, huuliza kwanza nani ni Mwekundu (wa upande wa Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi) na nani ni Mweupe (mpinzani wao katika vita vya wenyewe kwa wenyewe), kisha hukata tamaa shujaa yuleyule anapohama upande zaidi ya mara moja kabla hadithi haijafika mwaka 1920. Baada ya kukifundisha kipindi hiki kwa muda mrefu, nawashauri mtangulize farasi na shamba.

Mkosaki alipewa mgawo wa ardhi ya jumuiya kwa kuwa alilitumikia dola, na alipoitwa jeshini alitakiwa kufika na farasi, sare na upanga, vyote vikiwa vimegharamiwa na familia yake. Kwa hiyo mkimwona mzee anakagua kwato za farasi kabla ya mwanawe kuondoka, msidhani mwongozaji anapoteza muda. Farasi akikataliwa na wakaguzi, hasara ni ya nyumba nzima. Kando yao waliishi wakulima wahamiaji wasio Wakosaki, wengi wao wakikodi mashamba, na mapinduzi ya 1917 yalipoleta matumaini ya kugawa ardhi upya, majirani hao walianza kutazamana kwa jicho jingine.

Kuyumba kwa shujaa kunaanzia hapo. Mapema mwaka 1918 askari wa Kikosaki waliochoshwa na vita dhidi ya Ujerumani (Vita Kuu ya Kwanza) hawakutaka kupigana na Wabolsheviki, na Kaledin, Atamani (kiongozi mkuu) wa Wakosaki wa Don, alipokosa wa kumfuata, alijipiga risasi huko Novocherkassk, mji mkuu wao. Majira ya kuchipua hayajaisha, Wakosaki wengi walikuwa wameshaasi dhidi ya Wabolsheviki. Januari 1919 uongozi wa chama cha Wabolsheviki ulitoa waraka wa siri ulioagiza ugaidi dhidi ya Wakosaki, na mwezi Machi uasi ukalipuka Vyoshenskaya, kijiji cha Wakosaki kandokando ya Don, ambako vikosi vya wenyeji vilikuwa vimewapisha Wekundu majira hayohayo ya baridi. (Tarehe za kabla ya Februari 1918, kwa kalenda ya zamani, ziko nyuma kwa siku 13.)

Someni mkiwa na ramani. Wilaya za kaskazini zilikuwa maskini kuliko za kusini, na huko Wekundu walipata wafuasi wengi zaidi, akiwemo Filipp Mironov, aliyeliongoza Jeshi la Pili la Farasi mwaka 1920 na kuuawa mwaka uliofuata katika gereza la Butyrka, akiwa mikononi mwa serikali aliyoipigania.