Barua kwa Zuhura: wiki moja baharini, wewe na Salim

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu mama yako akiwa ubavuni ananikaripia nipunguze sauti ya simu. Wasema wewe na Salim mmepata likizo ya wiki moja mwezi wa Juni, hamna mtoto wa kumbeba wala wa kumwachia mtu, na mwataka kupanda meli ya kitalii kutoka Southampton, huko huko Uingereza mliko, mpaka Norwe, ila hamjui pa kuanzia. Ukamalizia, "Baba, wewe umekaa humo miaka kumi na minane, tuambie ya kweli, usitwambie ya matangazo." Haya, kaa chini. Ni mengi kuyasema kwa simu, ndiyo maana nimeandika.

Kwanza ujue mimi sikuwa nahodha. Nilikuwa mhudumu wa vyumba. Natandika kabini kumi na nane asubuhi, jioni nazirudia, nakunja mataulo yakawa tembo na bata, kisha nashuka kulala chini kule kusiko na dirisha. Kwa hivyo ninayoyajua kuhusu mume na mke baharini nimeyajua kwa vitanda vyao. Ukiingia asubuhi ukakuta blanketi limekunjwa kwenye kochi, umeshajua mmoja kalala pale. Na nilikuja kuijua hata sababu. Ilikuwa ile karatasi ya ratiba ya siku. Wakiizungushia wino kila saa, mazoezi, mnada wa picha, darasa la kucheza, ziara, onyesho la usiku, basi kufika siku ya tano blanketi liko kochini. Wale walioniambia mlangoni, "Rudi baadaye, bado tumelala," hao walishuka ngazi wameshikana mikono. Mwenye macho ya kazi huona. Msiende kufanya mambo, nendeni mkakae. Kila uamuzi mwingine uupime kwa hilo.

Sasa kabini. Bei utakayoiona ni ya mtu mmoja, lakini imehesabiwa kwa watu wawili ndani ya kabini moja. Meli hizi zimepangwa wawili wawili kama safina ya Nuhu, na anayesafiri peke yake ndiye anayelipishwa ziada. Nyinyi ndio abiria waliojengewa meli, msiombe radhi kwa mtu.

Kuna kabini za ndani zisizo na dirisha, za dirisha, na zenye roshani. Siku zote mimi huwaambia watu wachukue ya ndani, wahifadhi pesa, kwani kitandani huoni bahari. Kwa Norwe navunja desturi yangu. Meli inaingia fiodi ya Geiranger, mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu, polepole, milima pande zote mbili, maji yanaporomoka kutoka juu, nawe uko roshani kwako na kikombe cha chai mkononi. Hapo roshani inalipa. Pesa zisipotosha, chukueni ya ndani bila haya, mwamke mapema mpande sitahani: fiodi ni ile ile, na baridi ni ile ile. Tena ya ndani ina faida yake. Bergen, mji wa huko Norwe, mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa tano usiku, na giza la kweli halipo. Mwenye kabini ya ndani hulala kama yuko kaburini.

Lakini kuliko aina ya kabini, angalia mahali ilipo. Wajua msemo wetu, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wahenga walikuwa na maana yao, mimi kwa kabini nauchukua kama ulivyo. Omo, mbele ya meli, hupanda na kushuka, tezi, nyuma yake, hutetemeka kwa mashine, na sitaha za juu ndizo zinazoyumba sana meli ikienda mrama. Katikati, na chini kidogo, ndipo penye utulivu. Bahari ya Kaskazini hata Juni huweza kuamka vibaya. Ndani ya fiodi maji hutulia.

Kisha chukua ramani ya sitaha, wanayo kwenye mtandao, utazame kabini yako ina nini juu na nini chini. Niliwahi kuwahudumia bwana na bibi harusi waliopewa kabini chini kabisa ya ukumbi wa bafe. Alfajiri saa kumi na moja viti huburutwa ili sakafu ioshwe. Siku ya tatu bibi harusi akanifungulia mlango na gauni la kulalia, macho mekundu, akaniuliza kwa upole kama huko juu kuna watu wanahama nyumba. Nilicheka kwa ndani, Mungu anisamehe. Mtafute kabini ambayo juu ni kabini na chini ni kabini. Na ile bei nafuu ambapo kampuni ndiyo inakuchagulia chumba, kwa safari ya kwanza iepukeni.

Jambo dogo ambalo hakuna atakayekwambia: kitanda cha watu wawili mara nyingi ni vitanda viwili vilivyosogezwa, na katikati kuna ufa. Jioni ya kwanza mwombe mhudumu godoro jembamba la kuweka juu. Mengine anayo stoo, hulitoa kwa anayeomba kwanza.

Ulisema waogopa kuzungukwa na watoto wa watu. Shule za Uingereza hufunga wiki ya mwisho ya Mei, kisha watoto hurudi darasani mpaka Julai, kwa hiyo Juni si mbaya. Mkitaka uhakika, wale wa kampuni ya meli ya P&O wana meli mbili, Arcadia na Aurora, hazichukui aliye chini ya miaka 18, na zote huondokea Southampton. Utasikia watu wakisema humo ni wazee watupu. Wazee wapo wengi, kweli. Ila wazee wa Kiingereza hulala mapema, na saa nne usiku, jua bado liko juu ya maji, sitaha yote ni yenu.

Na shangazi yako aliyesema pesa hizo mngeziweka mpaka mpate watoto, mwitikie "inshallah", umalize hapo.

Hapa nikaze sauti. Salim ana pasipoti ya Uingereza, haendi popote kuuliza. Wewe una ya Kenya. Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja, kwa hiyo unahitaji visa, na usijiambie kwamba utabaki melini usishuke. Nimemwona mama mmoja analia kaunta ya bandarini na mabegi yake manne, mumewe keshapita. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Wewe usikaribie hizo 15 hata kidogo. Omba visa ya kuingia zaidi ya mara moja, na bima ya safari ya matibabu isiyopungua euro 30,000, ndivyo wanavyotaka. Bima hiyo hiyo ihakikishwe inataja safari za meli kwa jina. Na kwa kuwa zile kadi za ukaazi za Uingereza zimeshaondolewa, tazama eVisa yako, kibali chako cha mtandaoni, imeunganishwa na pasipoti unayoisafiria, usije ukakwama kurudi kazini.

Southampton fikeni siku moja kabla. Najua kutoka Leicester si mbali, najua hoteli ni gharama. Treni ikichelewa, meli haikungoji. Bandari ile ina vituo vitano vya abiria na haviko mlango kwa mlango, soma tiketi uone chenu ni kipi.

Pesa. Hesabu yangu ya zamani, ya mtu wa kazi: nauli ikiwa pauni 1,000 kwa mtu, weka kando 300 nyingine ya kila mmoja na ujifanye huna. Kwenye meli za soko la Marekani huongezwa bakshishi ya lazima, kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. P&O wameiweka ndani ya nauli. Hata hivyo mwachieni mhudumu wenu kitu mkononi siku ya mwisho, najua nawapigia debe wenzangu na sioni haya. Pakeji za vinywaji msinunue, nyingi ni za kufidia pombe, na nyinyi mtakunywa chai na juisi. Simu ziwekeni hali ya ndege tangu meli inapong'oa nanga, mtandao wa simu wa melini hupitia setilaiti na bili yake utaiona ukirudi nyumbani.

Chakula cha halali ulizeni mnapolipia, si mkishafika mezani. Samaki hawakosekani. Swala msihangaike, nyinyi ni wasafiri, mnakusanya na kupunguza. Kibla chukueni kwa dira ya simu kabla ya kila swala, maana meli hugeuka na jana si leo.

Bandarini msinunue ziara kila mahali. Stavanger meli hufunga gati mjini kabisa, mji wa kale wa nyumba nyeupe za mbao ni mwendo wa dakika chache. Bergen tembeeni mpaka Bryggen, zile nyumba za wafanyabiashara wa zamani, kisha mpande Fløibanen, treni ya kupanda mlima iliyoanza 1918. Chukueni makoti ya mvua, mji ule hunyeshewa zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Mkitia nanga Olden, hapo lipieni ziara ya meli kwenda kwenye barafu ya Briksdal, kwa sababu iko mbali, na ukiwa na ziara ya meli na basi likaharibika, meli inakungoja. Ukienda kivyako haingoji. Nimesimama sitahani mara nyingi nikitazama watu wakikimbia gatini na mifuko ya zawadi, abiria wenzao wakiwapigia makofi kama mpira. Norwe iko mbele ya Uingereza saa moja, kwa hiyo kila siku tazameni saa ya meli, si ya simu.

Geiranger ndipo nataka msimame mkitazama. Kuna maporomoko yanaitwa Dada Saba, na ng'ambo yake poromoko moja linaitwa Mchumba. Wenyeji husema aliwaposa wote saba, mmoja mmoja, wakamkataa, ndipo akashika chupa. Juni theluji inayeyuka na maji ni mengi. Nilipita pale sijui mara ngapi, nyingi nikiwa ndani natandika, nimeyaona kupitia dirisha la kabini ya mtu mwingine, foronya mkononi.

Mazoezi ya dharura msiyakimbie. Ile Costa Concordia iliyogonga mwamba Italia Januari 2012, wakafa watu 32, ilikuwa na mamia waliopanda siku ile ambao hawakuwa wamefanya mazoezi hayo. Tangu 2015 sheria inataka yafanywe kabla meli haijaondoka au papo hapo ikiondoka. Kichefuchefu wewe ni nesi, wanijuza wewe. Sisi chini tulikula tofaa la kijani na biskuti kavu, tukatafuna tangawizi, tukafanya kazi. Na mikono osheni kwa sabuni na maji kila kabla ya kula, ile dawa ya kupaka haiviwezi vizuri virusi vya kuhara vya melini.

Mama yako anauliza kama huko kuna wali. Upo, lakini hautakuwa na nazi.

Ukishalipia, kabla ya kumwambia mtu yeyote, nitumie jina la meli na namba ya kabini. Nitakwambia iko juu ya nini.

Nisalimie Salim.

Baba yako,
Likoni