Mabega ya watu wa ziwani: kwa mnaoanza fiziotherapia Mwanza

Wadogo zangu mnaokuja Mwanza kwa mafunzo ya vitendo, mgonjwa wa bega akikaa mbele yenu, msikimbilie kipima pembe. Muulizeni kazi yake. Akisema ni mvuvi, msiandike "mvuvi" mkapita. Kuna anayevuta nyavu za dagaa, kuna anayepiga kasia, kuna anayechota maji mtumbwini usiku kucha, na kila mmoja anaumiza bega kwa namna yake.

Mimi nilifundishwa na baba mmoja wa Igombe. Alikuwa amepasuliwa kupunguza mfupa uliobana bega. Wiki ya sita aliinua mkono mpaka juu, nikamsifu. Wiki ya nane akarudi, mkono haupiti kifua.

"Baba, umerudi ziwani?"

"Nimerudi, daktari, ila sivuti. Nashika kamba tu, wanavuta vijana." (Huku kila mwenye koti jeupe ni daktari, mtazoea.)

Nikafunga kamba kwenye nondo ya dirisha, nikamwomba anionyeshe hiyo "kushika tu". Akanyoosha mkono juu ya usawa wa bega, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Kosa lilikuwa langu. Nilimkataza kuvuta, sikumuuliza chomboni atafanya nini.

Mambo ya vitabuni mnayajua: juu ya kichwa cha mfupa wa mkono kuna paa la mfupa, akromioni, na katikati hapo hupita kano ya supraspinatusi, msuli unaosaidia kuinua mkono, na kifuko cha ute. Mkono ukipanda kwa pembeni, hivyo hubanwa, na maumivu hushika kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, kisha hulegea. Sasa mtazameni mama anayejitwisha ndoo ya lita 20, au kijana wa soko la Mwaloni Kirumba anayepandisha gunia la dagaa begani, mkahesabu mara ngapi kwa siku wanapita humo. Kwa akina mama ushauri wangu ni mfupi: kwa sasa usijitwishe, utwishwe. Wananielewa haraka kuliko nikieleza habari za kano. Ila mkono ukikataa hata ukiinuliwa na wewe, na hasa ukikataa kuzungushwa nje, huko si kubanwa tena. Fikirieni bega lililoganda, na mwulizeni kama ana kisukari.

Kuhusu upasuaji wenyewe, msiusifie kupita kiasi wala msiukejeli. Daktari wa mifupa wa Marekani, Charles Neer, aliandika mwaka 1972 jinsi ya kuchonga akromioni, na kazi hiyo baadaye ikawa ya kamera na matundu madogo. Mwaka 2018 jarida la tiba la Lancet likatoa utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 313: wengine walichongwa mfupa, wengine waliingizwa kamera tu bila kuchongwa, wengine hawakupasuliwa kabisa. Waliochongwa hawakuwazidi wa kamera tupu, na pengo lao na wasiopasuliwa lilikuwa dogo mno. Ndiyo maana kwa wengi mazoezi hutangulia. Lakini aliyekwisha kupasuliwa msimsomee utafiti huo. Ameuza mbuzi, amepanda kivuko, anataka mkono wake.

Halafu someni karatasi ya upasuaji. Nikiwa mgeni kama ninyi, nilimpa mzee zoezi la kuinua mkono mwenyewe wiki ya tatu. Bahasha ilikuwa mezani, sikuifungua. Ndani iliandikwa kwamba kano ilishonwa. Uzi ulishika, Mungu saidia, lakini siku kumi za maumivu alizipata kwa uvivu wangu.

Aliyechongwa mfupa tu huning'iniza mkono shingoni siku chache, akaanza mapema kuubembeza ameinama, huku vidole na kiwiko vikifanya kazi tangu siku ya kwanza. Kazi nzito za juu ya bega zisubiri kama miezi mitatu. Maumivu yakidumu hata miezi sita, si ajabu, mwambieni mapema asije akakata tamaa. Aliyeshonwa kano hukaa na kitambaa cha kuning'iniza mkono wiki nne hadi sita, mkono ukiinuliwa kwa msaada tu, na mazoezi ya nguvu huja karibu na wiki ya 12, kwa ruhusa ya aliyempasua. Homa, au usaha kwenye kidonda, arudishwe kwa aliyempasua siku hiyo hiyo.

Vifaa visiwasumbue. Tyubu ya baiskeli ikichanwa inatosha kuvuta, na chupa ya nusu lita ikijaa maji ni nusu kilo. Anzeni na misuli ya bapa la bega, maana bapa likilegea mkono haupandi vizuri. Na mpeni mazoezi matatu. Niliwahi kutoa tisa yenye michoro mizuri kabisa, karatasi ikafungia karanga.

Jambo la mwisho ni tarehe. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Ukimpangia katikati ya giza, utakaa na kitanda kitupu. Mimi huwaandikia miadi nikiutazama mwezi kwanza, halafu ndipo naangalia kalenda ya ofisi.