Kijiji Kianze na Ukuta, Mikoko au Tahadhari?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji kilicho ufukweni, kisiwani Mafia. Tangu Kimbunga Hidaya kilipotufikia mwezi Mei 2024, kila kikao chetu huishia kwenye ubishi. Wazee wanataka tuchange fedha tujenge ukuta wa mawe mbele ya diko, pale tunapoegesha vyombo, vijana wanataka tupande mikoko, na wapo wanaosema kuwa bahari haizuiliki. Fedha tulizo nazo ni kidogo. Tuanze na lipi?
Msomaji, Mafia

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maoni yangu anzeni na watu, mfuatie na mchanga na mikoko mliyo nayo tayari, na suala la ukuta liwe la mwisho.

Hidaya ilipofika Mafia tarehe 4 Mei, zilikuwa zimebaki siku nne hivi mwezi uandame, kwa hiyo maji yalikuwa bado hayajaingia bamvua, yaani kipindi cha maji kujaa sana wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hilo lilikuwa ni jambo la bahati, kwa sababu upepo wa kimbunga husukuma maji ya bahari kuelekea nchi kavu, na maji hayo yakikutana na bamvua, ambayo katika pwani yetu hupanda zaidi ya mita 3, hufika mahali ambapo hata wazee hawajapata kuyaona. Tena bahari yenyewe inapanda: kati ya 2006 na 2018 kina chake duniani kiliongezeka kwa wastani wa milimita 3.7 kila mwaka. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini kwenye ufuko tambarare kila bamvua huanzia juu kidogo kuliko zamani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na vyombo vya kwenda Zanzibar vikasitishwa. Lakini tangazo la redioni halimfikii mvuvi aliye dago, kwenye kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, wala halimbebi bibi asiyeweza kutembea. Bangladesh walijifunza hilo kwa msiba mkubwa. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, na mwaka 1972 serikali pamoja na chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho sasa kinaitwa Hilali Nyekundu, wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea, ambao sasa ni zaidi ya 70,000. Hao huzunguka na vipaza sauti vijijini mwao na kupandisha bendera, moja, mbili au tatu kadiri hatari inavyokaribia. Vimbunga bado vinawapiga, lakini vifo vimepungua mno.

Kijiji chenu kinaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Mteueni atakayepandisha bendera dikoni na atakayetangaza kwa kipaza sauti cha msikiti. Andikeni orodha ya kaya zenye wagonjwa, wajawazito na wazee, na mbele ya kila jina liandikwe jina la atakayekwenda kuwachukua. Kubalianeni pia ni jengo gani lililo juu na imara litakalopokea watu, na nani anashika ufunguo wake usiku. Madumu ya maji yajazwe mapema, kwa kuwa kisima kikiingiwa na maji ya chumvi huchukua muda mrefu kupona.

Kuhusu mikoko, nawaunga mkono vijana, ila nawasihi wasikimbilie kuchomeka mbegu ndefu za mkoko kwenye tope la mbele kabisa, kwa sababu mahali hapo kwa asili ni pa mlilana, ambao ni aina nyingine ya miti ya mikoko, na miche ya mkoko hung'olewa na mawimbi kabla haijashika mizizi. Lenye faida kubwa zaidi ni kuacha kukata boriti katika msitu uliopo na kuzibua vijito vilivyozibwa, ili mbegu zijipandikize zenyewe. Kule Gazi, Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117, na tangu 2013 wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu wao, na kutumia mapato kwa maji na shule. Vilevile msiruhusu mchanga wa ufuko uchotwe kwa ujenzi. Kisiwa cha Maziwe karibu na Pangani kilikuwa na miti na kasa walitaga hapo. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa, na ukataji wa miti hutajwa miongoni mwa sababu.

Wazee nawaelewa, kwani ukuta unaonekana kwa macho. Hata hivyo, wimbi likipiga ukuta hurudi na kuzoa mchanga wa chini ya msingi, na kwenye ncha za ukuta humega ardhi ya jirani. Kuta za Pangani na za Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam zilisanifiwa na wahandisi kwa fedha za miradi mikubwa. Mawe ya kupanga kwa mkono hayatafanya kazi hiyo. Ni afadhali nyumba mpya zijengwe nyuma zaidi, hata kama mvuvi atalazimika kutembea kidogo kuifikia ngalawa yake.

Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba. Siku hiyo mzee mmoja na kijana mmoja wapigilie kigingi pale povu la mwisho lilipofika, wakiandike tarehe, kisha warudie mwaka unaofuata. Vigingi viwili au vitatu vikishakuwepo, kikao chenu kitakuwa na jambo la kupimia kabla ya mtu yeyote kuomba kiwanja.