Kujifunza kurusha mipira mitatu kwa video za simu: yaliyonikuta mimi fundi cherehani

Februari kwa sisi mafundi wa nguo ni mwezi wa kupiga miayo. Januari unashona sare za shule mpaka unaota kola, halafu ghafla kimya. Katika kimya hicho, miaka mitatu iliyopita, nikiwa kibandani kwangu hapa Majengo, Dodoma, nilikutana na klipu ya binti anarusha mipira mitatu hewani huku anacheka, kama mikono si yake. Nikaitazama mara kumi. Nikamwazima mama ntilie wa jirani ndimu tatu. Ya kwanza niliidaka, ya pili ikanipiga kidevuni, ya tatu ikatua kwenye sufuria lake la chai. Nililipa chai, na ndimu pia.

Siku hizi wateja wakinikuta narusha huuliza nilifundishwa wapi. Sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na simu. Lakini simu hiyohiyo ilinipotezea miezi miwili mizima, ndiyo maana naandika.

Kwanza utafutaji wenyewe. Usiandike danadana, utaletewa vijana wanaopiga mpira wa miguu kwa goti na kisigino. Ukiandika sarakasi utaona watu wamepandana mabegani. Andika neno la Kiingereza, juggling, na namba 3 mbele yake, hapo utafika. Sisi hapa tunasema tu kurusha na kudaka. Na kwa mwanamke aliyecheza mdako utotoni, nusu ya kazi imeshafanyika: jiwe juu, vidole chini vinachota kokoto, jicho halishuki. Mimi nilikuwa tishio la mdako kule Hombolo, na sikujua kwamba ningekuja kuutumia ukubwani.

(Fundi viatu tunayepakana naye aliniambia huu ni mchezo wa kizungu, tena wa wanaume. Nikamwonyesha picha ya michoro ya makaburi ya Beni Hasan, Misri, ya karibu miaka 4,000 iliyopita: wanawake wamesimama, mipira iko hewani, mmoja kapishanisha mikono. Akasema, "Hao ni Wamisri." Nikamwacha na viatu vyake.)

Sasa hiyo miezi miwili. Ukitazama video ya mipira mitatu kwa kasi yake ya kawaida, jicho linakudanganya kwamba mipira inazunguka duara: mkono wa kulia unarusha, wa kushoto unadaka na kuurudisha mpira kulia kwa chini. Nikashika hivyo. Nikafanya hivyo kila jioni, mipira ikagongana, nikajiona sina kipaji. Duara lipo kweli, ni mtindo unaojitegemea, lakini ni mgumu kuliko ule wa kuanzia. Katika ule wa kuanzia mikono yote miwili inarusha, kwa zamu, na mipira inapishana katikati. Njia yake hewani ni namba nane iliyolala.

Nililiona hilo siku nilipogusa kile kigurudumu chenye meno kwenye YouTube na kushusha kasi mpaka 0.25. Hapo nikamfuata mpira mmoja tu, ule mwekundu, nikaachana na wenzake. Ulitoka kulia, ukavuka, ukadakwa kushoto, ukarushwa tena na mkono huohuo wa kushoto. Nilipiga meza kofi.

Halafu nikafanya jambo ambalo namshauri kila mtu. Nilichukua kipande cha kitambaa, nikafunika nusu ya juu ya kioo, mipira ikapotea nikabaki naona mikono peke yake. Jaribu. Mikono haichezi sana kama unavyodhani. Kila mmoja unachora kijiduara kidogo, kama mtu anayekoroga uji kwa adabu: unadakia kwa nje, unarushia kwa ndani. Viwiko vimetulia ubavuni. Hakuna mtu kwenye video zote nilizotazama aliyelisema hilo kwa namna ambayo ningeielewa, lakini mikono yao wote ilikuwa inalisema.

Kwa hiyo kuhusu bando: usinunue bando ili utazame video ishirini. Pakua moja, uitazame mara ishirini.

Vifaa. Ndimu hazifai, zinapasuka na zinauma mkono ukiwa na kidonda cha sindano. Mpira wa tenisi haufai pia, ukianguka unadunda na kukimbilia mtaroni, na wewe unaukimbilia. Unataka kitu kinachoanguka na kubaki pale kilipoangukia. Mimi nashona vifuko. Vipande vinne vya kitambaa kizito vyenye umbo la ganda la chungwa, unaviunga kwa mshono wa ndani, unaacha mwanya wa vidole viwili, unageuza, unajaza uwele, unafunga kwa mkono. Gramu 120 hivi kwa kila kimoja, na vyote vitatu vipimwe kwenye mizani ya dukani viwe sawa, maana mkono unaijua tofauti hata ya gramu kumi. Kilo moja ya uwele inatoa vifuko vinane. Mtama nao unafaa, ila uwele ni mdogo zaidi, unajaa vizuri kiganjani. Anika nafaka juani siku mbili kabla ya kushonea, la sivyo wadudu wataifanya nyumba. Na usivisahau nje wakati wa mvua. Mwezi wa kwanza mwaka jana nilisahau kimoja juu ya bati la kibanda; nilipokikumbuka kilikuwa kimeota, majani mawili ya kijani yametokeza kwenye mshono. Mama yangu mdogo, mkulima wa miaka yote, alisema hilo ndilo shamba pekee lililoota vizuri kwenye ukoo mwaka huo.

Simama mbele ya kitanda au meza. Mimi nasimama nikiielekea meza yangu ya kukatia, tumbo karibu liguse ukingo. Faida ni mbili. Kifuko kikianguka kinaangukia mezani, huinami mara mia kwa saa moja. Na meza inakuzuia kutembea. Kila anayeanza huirusha mipira mbele badala ya juu, halafu anaifuata kwa miguu, mara yupo barabarani bodaboda inampigia honi.

Anza na mpira mmoja, kutoka mkono huu kwenda huu, kimo cha paji la uso, mpaka uwe unaangukia kiganjani wenyewe bila mkono kuufukuzia. Siku mbili tatu hivi. Kisha miwili: wa kwanza ukifika kileleni na kuanza kushuka, ndipo wa pili unatoka, nao unapita chini ya wa kwanza. Rusha, rusha, daka, daka. Ukijikuta unaupasia wa pili kwa chini, lile duara limekurudia, simama. Mitatu unaanzia mkono ulioshika miwili. Usijaribu kuendelea. Rusha mara tatu, daka mara tatu, simama, pumua. Kesho rusha nne.

Kimo kina hesabu yake. Mpira uliopanda mita moja juu ya mkono hukaa hewani karibu sekunde 0.9 mpaka urudi. Uliopanda sentimita 25 hukaa nusu ya hapo. Maana yake ukitaka muda mara mbili, kimo lazima kiwe mara nne. Mimi kwa woga nilikuwa narusha chinichini, halafu nashangaa mikono haiwahi. Si mikono iliyokuwa mizito, nilikuwa sijajipa muda.

Lakini pamoja na hayo yote nilikwama kwenye mirusho sita, wiki tatu. Nikarudi kwenye video za wataalamu, nikaona wanafanya vilevile ninavyofanya mimi. Hapo ndipo mpwa wangu aliponiambia, "Shangazi, jirekodi basi." Nikaegemeza simu kwenye cherehani, nikaizuia na roli mbili za uzi, nikarusha. Kumbe! Mkono wa kulia ulikuwa unarusha mpaka juu ya kichwa, wa kushoto unafika kidevuni. Kichwani mwangu vilikuwa sawa kabisa. Video ya mtaalamu inakuonyesha mahali pa kwenda, ila haijui ulipo wewe. Tangu siku hiyo kila Jumapili najirekodi dakika moja, naitazama taratibu, natafuta kosa moja tu la kushughulikia wiki nzima. Nyingine nazifuta, simu ijipumzishe.

Ukishaweza nane iliyolala utaanza kukuta video zenye namba kama 441 au 531. Usiogope, hizo ndizo zilizoniwezesha kujifunza kwa Wajapani na Warusi bila kuelewa neno lao hata moja. Ni mfumo uliobuniwa miaka ya 1980 na watu wa Marekani na Uingereza, kila kundi kivyake. Namba inakwambia mpira uliorushwa sasa utarushwa tena baada ya mapigo mangapi, na kila zamu ya mkono kurusha ni pigo moja. 3 unavuka kwenda mkono wa pili. 4 unapanda juu kidogo zaidi na kurudi mkono uleule. 1 ni kupasia moja kwa moja mkono wa pili. Jumlisha namba, gawanya kwa wingi wake, unapata idadi ya mipira: 4 na 4 na 1 ni 9, kwa 3, mipira mitatu. Ukikuta 53, jumla ni 8, kwa 2 ni minne. Funga hiyo video, muda wake bado.

Kuhusu kuacha na kurudi: Desemba na Januari sirushi, sare zinanizidi, na kila Februari mikono inakuwa imepoa. Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Ujerumani kwa watu waliojifunza mipira mitatu kwa miezi mitatu. Picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na kuona vitu vinavyotembea imeongezeka, na walipoacha, ikapungua. Basi mimi ubongo wangu unapanda na kushuka kwa kufuata kalenda ya shule.

Baada ya mwaka nikaanza kurekodi za kuwafundisha wengine, kwa Kiswahili. Ya kwanza ilikuwa aibu. Nilitundika nyuma yangu kitenge chenye maua makubwa, nikaona kimependeza. Kwenye video mipira haionekani, maua yameimeza. Sasa natundika kitambaa cheusi kitupu na narusha vifuko vya njano, vyekundu na vyeupe, ili mtazamaji achague wa kumfuata. Jua liwe mbele yako, likiwa nyuma utaonekana kivuli. Julai na Agosti rekodi ndani, upepo wetu wa Dodoma unajaza sauti yote, watu watadhani unafundisha ukiwa juu ya lori.

Rekodi pia kutokea nyuma, simu ikiwa juu ya bega. Ukirekodi kwa mbele peke yake, kulia kwako kunakuwa kushoto kwa anayetazama, na kwa anayeanza hilo linatosha kumchanganya wiki nzima. Weka na ile ya taratibu hapohapo, maana si kila mtu anajua pa kushushia kasi. Sekunde arobaini zinatosha, wenzako nao wananunua bando. Usikate pale mpira unapoanguka. Mimi nimefundishika zaidi na walioangusha wakasema kwa nini. Ukijifunza mtindo kwa mtu, mtaje. Na watoto wa mtaani watakuja tu, wanapenda, lakini sura ya mtoto usiirushe mtandaoni kabla hujaongea na mzazi wake.

Juzi nilikuwa namwonyesha mtoto wa yule mama ntilie video yangu ya 441, niliyojivunia. Ana miaka tisa. Akaifunika nusu ya juu kwa kiganja, kama nilivyomfundisha, akatazama kimya.

"Shangazi, mbona mkono wa kushoto unasubiri?"

Nikaitazama tena. Unasubiri kweli. Nimerudi mezani na mpira mmoja.