Umepangiwa Kigoma, idara ya mipango au ya maendeleo ya jamii? Soma hii kabla hujapanda basi

Wadogo zangu mliopata ajira mwaka huu mkapangiwa Kigoma, hongereni sana. Najua wengine mmeanza kutafuta uhamisho hata kabla ya kuripoti, maana mmeambiwa ni mbali na ni mkoa maskini. Mimi nimekaa huku miaka 11, ofisi ya mipango, na ningetamani kuna mtu angenikalisha chini wiki ya kwanza akaniambia haya ninayowaandikia hapa.

Kwanza jua mkoa ulifikaje hapa, usije ukaanza kuwahubiria watu kuhusu uvivu. Reli ilifika Kigoma 1914, kabla ya sehemu nyingi za nchi hii, lakini wakoloni waliufanya mkoa kuwa sehemu ya kuchota nguvu kazi, vijana wa Kiha wakachukuliwa kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro. Nguvu ya kulima ikaenda kulima kwa wengine. Baada ya uhuru ikaja Operesheni Kigoma, 1972, watu wakahamishwa kutoka makwao kuingia vijiji vya ujamaa. Ukishayajua hayo hutashangaa ukiitisha mkutano wa kijiji, ukaeleza mradi wako vizuri, halafu watu wote wakasema sawa na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Mimi nilirudi ofisini nimefurahi, nikaandika kwenye ripoti kwamba wananchi wameupokea mradi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa miche ya michikichi. Mnakumbuka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alikuja akasukuma sana hili zao lifufuliwe, kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora za aina ya tenera, na kwa kweli wazo lilikuwa zuri na mpaka leo nalitetea. Michikichi mingi ya zamani ni dura, kokwa nene nyama kidogo, tenera kokwa lake jembamba nyama nyingi, mafuta yanakuwa mengi kwa mkungu uleule. Sasa sisi kwenye halmashauri niliyokuwa wakati ule hela ilichelewa, ikaingia mwishoni mwa mwaka wa fedha, na kila mtu ofisini alikuwa anaogopa isirudi hazina, kwa hiyo tukanunua miche haraka haraka na lori likashusha kwenye kata katikati ya Juni. Juni! Mvua huku inakatika Mei na kurudi Oktoba hivi, wakati mwingine Novemba. Kamati ya mapokezi ikahesabu, ikasaini, ikapiga picha.

Nilirudi Agosti. Miche iko vilevile nyuma ya ofisi ya kata kwenye viriba vyeusi, majani yamekauka rangi ya tumbaku, udongo umekuwa mgumu kama tofali. Mtendaji wa kata hakuwa na la kusema, na mimi nilikuwa sina la kumlaumu, kisima cha karibu kilikuwa mbali na hakuna aliyekuwa amemtengea hata hela ya mtu wa kumwagilia. Kwenye makaratasi mradi ulikuwa umekamilika asilimia 100.

Siku hiyo mzee mmoja wa kijiji akaniambia twende nikuonyeshe kitu. Tukatembea kama saa nzima mpaka kwenye kichaka fulani, katikati kuna michikichi mirefu imejipanga mstari. Akasema, "Mwanangu, hapa palikuwa kwetu. Sabini na mbili tuliambiwa tuhame tukahama, hii miti tukaiacha. Siku ile ya mkutano tuliona umekuja na gari la serikali, tukakubali." Nikamuuliza kwa nini hamkusema Juni sio wakati wa kupanda? Akanijibu hukutuuliza. Sijawahi kusahau hilo jibu.

Kwa hiyo wadogo zangu, ukiona mkutano umekubali haraka, usiandike kwanza. Rudi kesho yake bila gari, kaa na kina mama wanaokamua mawese, hao ndo wanajua hesabu yote, mafuta yanauzwaje, mise (kokwa za michikichi) inauzwaje, kuni zinatoka wapi. Mmoja aliniuliza swali ambalo halikuwepo kwenye andiko letu lote: ukipanda mita 9 kwa 9 ni kama miche 50 kwa ekari, mavuno ya kwanza miaka 3 au zaidi, sasa hiyo miaka 3 watoto wanakula nini kwenye ekari hiyohiyo? Msimu uliofuata tukaandika wazi kwenye mpango kwamba maharage na mahindi yanapandwa katikati mpaka michikichi ifunge kivuli, na miche inatoka kitaluni mvua zikishachanganya, sio kabla. Hapo ndo ilishika.

Kalenda nayo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mwaka wa mkulima wa huku unaanza na mvua, hizi mbili hazikutani zenyewe, wewe ndo unalipwa kuzikutanisha. Manunuzi yaanze kuandaliwa mapema, na kama hela ya kilimo imechelewa mpaka Mei basi pambana itumike kuandaa kitalu, kulipia maji, kupima mashamba. Utagombana na watu. Gombana kwa heshima lakini gombana, na weka kwa maandishi.

Umeme. Gridi ya taifa ilipoanza kuingia Kibondo na Kasulu 2022 tulishangilia na tulikuwa na haki, miaka yote ilikuwa majenereta ya dizeli. Ila ukienda kijijini usiishie kuhesabu nguzo na nyumba zilizounganishwa kwa 27,000. Mashine ya kusaga au ya kukamua mafuta ya ukubwa wa maana inataka umeme wa njia tatu, na laini ikipita ya njia moja kijiji kinapata taa tu. Uliza hilo mapema wakati wa kupima, muulize fundi yuko palepale, baadaye inakuwa barua juu ya barua.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) sitaongea sana, ila kikundi kilichozaliwa wiki moja kabla ya fomu kutoka, nenda kakione kinafanya nini kabla hujapeleka jina.

Na ukiripoti, kabla hujaomba bajeti ya kitu chochote kipya, omba funguo ya kabati la mafaili ya miradi ya nyuma. Kila halmashauri linakuwepo. Chukua faili moja tu la kilimo, tafuta karatasi ya mapokezi, angalia tarehe, halafu panda bodaboda uende kijijini ukaulize ile miche iko wapi.